Denis Burkitt, tabibu wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani ya watoto

MTOTO anayelelewa Kitengela au Kajiado ana kinga moja ambayo huenda wazazi wake hawaijui. Nyanda hizo za Wamaasai zimeinuka mita 1,500 hivi na zaidi kutoka usawa wa bahari, mvua yake ni haba na usiku wake una baridi. Kwa sababu hizo, ziko nje ya ukanda ambamo saratani moja katili ya taya na tumbo imewaangamiza watoto wengi wa Afrika.

Lau mtoto huyo huyo angekulia kwa nyanya yake kandokando ya Ziwa Victoria au katika vijiji vya Pwani, angekuwa ndani ya ukanda huo.

Mtu aliyeugundua mpaka huo hakuwa mtaalamu wa saratani. Hakuwa na maabara ya maana wala fedha za kutosha. Alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya serikali mjini Kampala, mwenye jicho moja tu la kuonea, gari kuukuu na ramani ya Afrika iliyobandikwa ukutani.

Huyo ndiye Denis Parsons Burkitt, aliyefariki Machi 23, 1993 akiwa na umri wa miaka 82. Jina lake limebaki katika vitabu vya tiba kote duniani, kwani saratani aliyoieleza huitwa limfoma ya Burkitt hadi leo.

Kisa cha maisha yake kinafaa kukumbukwa, hasa na Wakenya. Kinaonyesha jinsi chanzo cha ugonjwa kinavyotafutwa, na jinsi msako huo unavyoweza kwenda kombo.

Mwana wa mhandisi

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Babake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na majengo ya serikali katika jimbo la Fermanagh.

Mzee huyo alikuwa na mazoea yaliyowashangaza majirani. Aliwanasa ndege wadogo katika bustani yake, akawavisha pete miguuni na kuchora ramani ya mahali ambapo kila mmoja aliishi. Kazi hiyo iliheshimiwa baadaye na wanasayansi wa ndege. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mwanawe naye angekuja kupata sifa kwa kuchora ramani, ingawa za jambo zito zaidi.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni wakati wa ugomvi wa wavulana wa shule. Miwani yake ilivunjika na vigae vyake vikamharibu jicho moja, ambalo hatimaye liling'olewa.

Mnamo 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama babake. Haukupita muda akaiacha fani hiyo na kuingia udaktari. Alikuwa Mkristo mwenye imani thabiti, na aliamini kuwa alikuwa ameitwa kuwahudumia wagonjwa. Alihitimu mwaka wa 1935, na mnamo 1938 akatunukiwa shahada ya madaktari wa upasuaji mjini Edinburgh.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza huko Afrika Magharibi, ombi lake lilikataliwa. Wakubwa hawakuona vipi mtu mwenye jicho moja angeweza kufanya upasuaji mbali na wenzake.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikamfungulia mlango ambao amani ilikuwa imeufunga. Alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi mwaka wa 1941, akamwoa muuguzi Olive Rogers mnamo 1943, kisha akatumwa kuhudumu Kenya na Somalia. Hapo ndipo alipoionja Afrika Mashariki, na vita vilipokwisha akaomba tena kazi ya serikali ya kikoloni. Safari hii alikubaliwa. Mnamo 1946 alipelekwa Uganda.

Mabusha ya Lango

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika eneo la Lango. Huko alijikuta daktari wa kila kitu, kuanzia kuzalisha akina mama hadi kuunga mifupa.

Jambo moja lilimvutia. Wanaume wengi waliokuja kufanyiwa upasuaji wa mabusha walitoka upande wa mashariki wa wilaya. Wale wa magharibi walikuwa wachache mno. Daktari mwingine angewatibu wote na kusahau. Burkitt alihesabu, akalinganisha vijiji, akaandika.

Baadaye ilibainika kwamba tofauti hiyo ililingana na kuenea kwa vijidudu vya matende vinavyosambazwa na mbu. Kumbe swali la mahali ugonjwa unapopatikana lilikuwa limebeba nusu ya jibu la chanzo chake. Funzo hilo hakulisahau.

Mwaka wa 1948 alihamishiwa Kampala, katika Hospitali ya Mulago, ambayo ilikuwa pia hospitali ya mafunzo ya madaktari wa Makerere.

Taya la mtoto wa Mulago

Mnamo 1957, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita katika wodi ya watoto. Kulikuwa na mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya la juu na la chini, pande zote mbili za uso. Meno yake yalikuwa yamelegea na uso umepotoka. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Haikuwa jipu, kwa kuwa jipu halitokei pembe nne za kinywa kwa mpigo. Haikufanana na saratani yoyote iliyoelezwa vitabuni.

Majuma machache baadaye alizuru hospitali ya Jinja. Alipochungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine nje, uso umevimba vile vile. Alitoka kwenda kumpima, akakuta pia uvimbe tumboni.

Mtoto mmoja anaweza kuwa ajali ya maumbile. Wawili wanadai maelezo. Burkitt alirudi Mulago, akafukua faili za wagonjwa na za uchunguzi wa maiti. Aligundua kwamba watoto waliokuwa wameandikiwa saratani za aina mbalimbali, wengine za taya, wengine za figo, wengine za ini au mayai ya uzazi, walikuwa na ugonjwa mmoja. Madaktari walikuwa wameuita majina mengi kwa kuwa kila mmoja alitazama kiungo chake.

Mnamo 1958 alichapisha taarifa yake ya kwanza katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza, akieleza visa 38. Wachache waliisoma. Wataalamu wa Mulago, miongoni mwao Mmarekani Gregory O'Conor, walichunguza vipande vya uvimbe huo kwa darubini na kuthibitisha kuwa ulikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za damu zinazolinda mwili.

Haukuwa ugonjwa mpya pia. Kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na mmishonari Albert Cook, zilionyesha kwamba watoto wa Uganda waliugua hivyo tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Onyo la panya wa Copenhagen

Kutaja ugonjwa ni jambo moja, kueleza chanzo chake ni jambo jingine. Historia ilikuwa imewapa watafiti wa saratani onyo kali, nalo lilitoka katika matumbo ya panya.

Mwaka wa 1907 daktari Johannes Fibiger wa Denmark aliwapasua panya buku fulani na kukuta uvimbe katika tumbo zao, pamoja na minyoo. Alishuku kuwa minyoo ndiyo iliyosababisha uvimbe. Baada ya kupekua panya wengi bila mafanikio, aliwapata wengine wenye hali hiyo katika kiwanda cha sukari mjini Copenhagen, ambako panya walikula mende waliobeba minyoo hiyo. Akawalisha panya wa maabara mende hao, na baadhi yao wakaota uvimbe tumboni.

Mnamo 1913 alitangaza kwamba alikuwa amezua saratani kwa mikono yake. Ulimwengu ulishangilia, na akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1926. Alifariki Januari 1928, kabla ya sifa hizo kupoa.

Watafiti waliomfuata walirudia majaribio yake na kufikia uamuzi mwingine. Panya wake walikuwa wakilishwa chakula hafifu, mkate mweupe na maji, na walikosa vitamini A. Upungufu huo ndio uliobadilisha ngozi ya ndani ya tumbo zao, na minyoo iliuchochea tu. Sehemu kubwa ya uvimbe aliouona haikuwa hata saratani.

Kosa la Fibiger halikuwa uvivu wala udanganyifu. Aliona vitu viwili vikitokea pamoja, akadhani kimoja ndicho kilichozaa kingine, bila kutazama cha tatu kilichokuwa sahanini. Swali la Burkitt lilikuwa na mtego huo huo. Watoto wa Uganda waliishi na mbu, minyoo, utapiamlo, moshi wa jikoni na vyakula vya namna nyingi. Ni lipi kati ya hayo lililohusika?

Safari ya maili 10,000

Burkitt aliamua kuanza na swali alilolijua tangu Lira, la ni wapi. Alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wagonjwa, akatuma takriban 1,000 kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiwauliza madaktari iwapo walikuwa wameona uvimbe kama ule. Fedha zake zilikuwa kidogo mno, ikiwamo ruzuku moja ya pauni 25.

Majibu yalipofika, alichomeka pini katika ramani ya ukutani. Pini zilijipanga zikawa ukanda ulioivuka Afrika kutoka magharibi hadi mashariki, kandokando ya Ikweta, wenye mkia ulioteremka hadi Msumbiji. Lakini ukanda huo ulikuwa na matundu. Kwa nini ugonjwa uonekane hapa na usionekane pale?

Ili ajue, ilibidi afuate ukingo wa ukanda kwa magurudumu. Mnamo Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, West Nile, na Cliff Nelson wa Canada. Walipanda gari la Ford la mwaka wa 1954 lililonunuliwa kwa pauni 250. Williams, kwa bahati njema, alijua pia ufundi wa magari.

Kwa muda wa wiki kumi walisafiri maili 10,000, sawa na kilomita 16,000 hivi, hadi Afrika Kusini na kurudi. Walipita zaidi ya hospitali 50. Kila walikofika, Burkitt alionyesha picha zake na kuuliza swali lile lile. Wauguzi na madaktari wa vijijini, ambao hakuna chuo kilichowahi kuwauliza lolote, walimjibu kwa yale waliyoyaona kwa macho yao.

Mlima, mvua na mbu

Waliporejea, picha ilikuwa wazi. Karibu na Ikweta ugonjwa haukuonekana sana juu ya mita 1,500 hivi. Kadiri mtu alivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka. Nyanda za juu za Kenya, Rwanda na Burundi zilikuwa salama, ilhali mabonde na fuo zilizo jirani ziliathirika.

Mwanzoni alidhani kilichohusika ni mwinuko. Alexander Haddow, aliyekuwa akiongoza taasisi ya utafiti wa virusi mjini Entebbe, alimsaidia kuona kwamba mwinuko ulikuwa kivuli tu. Kilichoamua kilikuwa joto, pamoja na mvua. Mahali palipokuwa na baridi au ukame, ugonjwa ulikosekana. Hayo ndiyo masharti ya maisha ya mbu.

Hapo ndipo mtu wa Kitengela anapojiona katika ramani. Kajiado si eneo la milima mirefu, lakini imekusanya mwinuko wa kadiri na ukavu, mambo mawili yanayomnyima mbu wa malaria raha ya kuzaana mwaka mzima.

Visiwa vya Zanzibar na Pemba vilikuwa kitendawili. Vina joto, vina mvua, viko usawa wa bahari, lakini Burkitt hakusikia habari za uvimbe huo huko. Maelezo yaliyolingana na hali hiyo yalikuwa kwamba malaria ilikuwa imedhibitiwa visiwani kwa kampeni ya miaka hiyo. Mtafiti Gilbert Dalldorf, aliyeshirikiana na Allen Linsell na wenzake wa Nairobi kuchunguza watoto wa Kenya, alipendekeza mnamo 1964 kwamba malaria yenyewe, na si kirusi tu kinachobebwa na mbu, ndiyo iliyoandaa uwanja wa saratani hiyo.

Kirusi katika chupa yenye ukungu

Wakati huo huo msako mwingine ulikuwa ukiendelea Uingereza. Machi 22, 1961, miezi kadhaa kabla ya safari yake ndefu, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex jijini London. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo Anthony Epstein, aliyechunguza virusi vya saratani katika kuku. Hata kabla ya mhadhara kwisha, Epstein aliamini kuwa ugonjwa unaofuata hali ya hewa huenda una kirusi ndani yake.

Wawili hao walikubaliana. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Kampala vikaanza kusafirishwa kwa ndege hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kirusi chochote.

Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester. Kipande kilipofika London kilikuwa kimechelewa, na maji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameoza. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa darubini, akakuta chembe hai zikielea. Chembe hizo zilikubali kukuzwa katika maabara. Mwanzoni mwa 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walikiona kirusi kwa darubini ya elektroni. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Umaarufu huo ulisimama juu ya miili ya watoto ambao majina yao hayamo katika orodha ya tuzo, na juu ya ridhaa ya wazazi walioleta wanao hospitalini wakitafuta nafuu, si sayansi. Haki yao ya kukumbukwa si ndogo kuliko ya watafiti.

Watoto waliopona

Burkitt naye hakutaka watoto wawe vielelezo tu. Upasuaji haukufaa, kwani uvimbe huo ni miongoni mwa zinazokua upesi kuliko zote. Chembe zake huweza kujizidisha maradufu kwa siku moja au mbili. Kampala haikuwa na mitambo ya miale.

Alijaribu dawa mpya za saratani, kwa msaada wa wataalamu wa Marekani kama Joseph Burchenal wa New York. Jijini Nairobi, daktari wa upasuaji Peter Clifford alifanya kazi kama hiyo katika hospitali ambayo sasa ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Matokeo yaliwashtua hata waganga wenyewe. Kwa baadhi ya watoto, uso uliovimba ulirudi hali yake baada ya siku chache. Wengine walipona kabisa kwa dozi chache. Wepesi ule ule wa kukua ulioifanya saratani hii kuwa hatari ndio ulioifanya inaswe na dawa. Wakati ambapo wengi duniani waliamini saratani haiponi kwa dawa peke yake, ushahidi wa mapema wa kinyume chake ulitoka Kampala na Nairobi.

Mwaka wa 1967 kituo maalumu cha kutibu ugonjwa huo kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano na Wamarekani. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Jibu kutoka kwa panya

Swali la chanzo lilibaki na fundo moja. Kirusi cha Epstein-Barr kiko karibu kila mahali. Takriban watu wazima wote duniani, wa Kitengela na wa Kisumu, wa Dublin na wa New York, wamewahi kukipata. Mbona basi hawaugui wote?

Mnamo miaka ya 1970 na 1980 ilibainika kwamba ndani ya chembe za uvimbe huo vipande vya kromosomu, aghalabu ya nane na ya 14, hukatika na kubadilishana mahali. Jeni iitwayo MYC, inayoamrisha chembe kugawanyika, hujikuta mahali ambapo haizimwi. Mwaka wa 1985 watafiti wa Melbourne, Australia, waliwatengeneza panya wa maabara waliobeba kasoro ya namna hiyo tangu tumboni mwa mama zao. Panya hao walipata saratani ya limfoma bila kuambukizwa chochote.

Zipo aina za panya kama hao ambao huota uvimbe wenyewe, wengine katika mitoki, wengine tumboni, kwa sababu ya jeni moja tu iliyoharibiwa. Ndio walioirekebisha hesabu ya Fibiger. Mtafiti wa leo huwalisha panya chakula kilichopimwa, huwaweka mbali na minyoo, kisha hubadilisha jambo moja peke yake na kungoja.

Mnamo 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwaambukiza malaria panya waliopungukiwa na jeni inayokinga dhidi ya saratani. Malaria ya muda mrefu ilizifanya chembe za kinga kugawanyika bila kupumzika, na kimeng'enya kinachozisaidia kuunda silaha dhidi ya vimelea kikaanza kukata kromosomu pasipostahili. Limfoma ikafuata.

Ramani ya Burkitt ilikuwa imepata maelezo yake. Kirusi huzipa chembe uhai mrefu, malaria ya mara kwa mara huzichosha na kuzivuruga, na kromosomu hukatika. Kila moja likikosekana, hatari hupungua sana. Hivyo mtoto wa Kajiado hana kinga ya ajabu katika damu yake. Ila hakung'atwa na mbu wa malaria usiku baada ya usiku.

Kirusi hicho pia kimepatikana katika karibu moja kwa kumi ya saratani za tumbo za watu wazima duniani. Kwa hiyo njia iliyoanzia taya la mtoto wa Uganda imefika hadi tumboni, alikoanzia Fibiger.

Unga na choo

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966, akarejea London. Wengi wangestaafu na sifa hizo. Yeye alianza vita vingine.

Alikutana na daktari wa zamani wa jeshi la majini, Peter Cleave, aliyelaumu sukari na unga mweupe kwa maradhi mengi ya Wazungu. Burkitt alikumbuka kwamba katika wodi za Mulago alikuwa ameona kwa nadra sana saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo na bawasiri, maradhi yaliyojaa hospitali za Uingereza.

Akarudia mtindo wake wa kuandikia hospitali za vijijini na kuuliza. Hakuona haya kupima uzito wa choo na muda ambao chakula huchukua kupita mwilini. Watu wa mashambani Afrika, waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi tele, walipata choo kikubwa na cha haraka. Waingereza walipata kidogo, kwa kuchelewa. Kitabu chake cha mwaka wa 1979 kuhusu nyuzinyuzi kilisomwa katika mataifa mengi.

Je, alikuwa sahihi? Kwa sehemu. Majaribio makubwa ya Marekani yaliyotangazwa mwaka wa 2000 hayakuonyesha kwamba kuongeza nyuzinyuzi huzuia vijinyama vya utumbo kurudi. Uchunguzi mwingine wa Ulaya, uliotolewa 2003, uliwakuta walao nyuzinyuzi nyingi wakiwa na saratani chache za utumbo. Wataalamu wengi leo wanakubali kwamba nafaka zisizokobolewa hukinga kwa kiasi. Hata hivyo, Wamaasai wa kale wa Kajiado, walioishi kwa maziwa na nyama, wanatosha kumkumbusha msomaji kwamba afya ya jamii haielezwi kwa jambo moja.

Burkitt mwenyewe alipokea heshima nyingi, ikiwamo Tuzo ya Lasker ya Marekani na uanachama wa Royal Society mwaka wa 1972. Tuzo ya Nobel hakuipata. Aliacha mjane na mabinti watatu.

Linalobaki kwa wazazi

Ramani yake ya 1961 haijapitwa na wakati, lakini watu wamehama. Kitengela ya leo ni mji wa wahamiaji. Humo mna familia zilizotoka Siaya, Homa Bay, Busia, Kilifi na kwingineko, na watoto wengi wamelelewa miaka yao ya kwanza ushago kabla ya kuletwa mjini. Ugonjwa unaoanza kutayarishwa kando ya ziwa unaweza kujitokeza mbali na ziwa.

Kwa hivyo muuguzi wa Kajiado asiyeuona mara kwa mara anaweza kudhani ni jino bovu. Mzazi anaweza kumpeleka mtoto kung'olewa meno yaliyolegea, kisha akajaribu dawa za mitishamba, huku majuma yakipita. Kwa uvimbe unaojizidisha maradufu kwa siku moja au mbili, majuma ni mengi mno.

Dalili ni zile zile alizoziandika Burkitt: taya linalovimba kwa haraka, meno yanayolegea bila kuoza, jicho linalosukumwa nje, au tumbo linalojaa ghafla. Wanaougua sana ni watoto wa kati ya miaka minne na tisa hivi, wavulana zaidi ya wasichana. Mtoto wa aina hiyo anahitaji kupelekwa haraka katika hospitali kubwa yenye uwezo wa kupima kipande cha uvimbe.

Katika nchi tajiri, watoto tisa au zaidi kati ya kumi wanaougua limfoma hii huokolewa. Katika eneo letu, ambako dawa zilizowaponya watoto wa kwanza zilijaribiwa, idadi ya wanaopona ingali chini mno, si kwa kukosa elimu ya ugonjwa bali kwa kuchelewa, kukosa nauli na kuacha matibabu katikati.

Kinga nayo inajulikana. Chandarua, dawa ya malaria inayotolewa mapema, na chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa kwa watoto wa magharibi mwa Kenya mwaka wa 2019, vyote vinapunguza mojawapo ya nguzo za ugonjwa huu.

Burkitt alimaliza kazi yake kwa kuuliza maswali mepesi kwa watu waliopuuzwa. Mzazi naye ana swali jepesi la kumwuliza daktari anapoona taya la mwanawe limevimba: je, kweli hili ni jino?